Waya, Antena, Busta au Dishi? Ulinganisho wa Tiba za Picha Inayoganda katika Nyumba za Mombasa

Picha ya runinga ya kidijitali haichakai polepole. Enzi za analojia, antena ikisukumwa na upepo wa kusi, mtazamaji aliona chenga na akasikia sauti ikikoroma, lakini taarifa ya habari aliifuata hadi mwisho. Siku hizi picha huwa safi kabisa, kisha ghafla humeguka vijisanduku, sauti hukatika katikati ya neno, na baada ya sekunde chache kioo huwa cheusi na kuandika kwamba hakuna mawimbi. Mfano wake ni mtu anayetembea juu ya kuta za Ngome ya Yesu: yu salama hadi hatua ya mwisho, na baada ya hatua hiyo hayupo. Ndiyo maana picha nzuri ya mchana haimwambii mwenye nyumba lolote kuhusu akiba aliyobakiwa nayo kabla ya kuanguka, na ndiyo maana tiba zinazouzwa madukani haziwezi kulinganishwa kwa kutazama picha peke yake.

Tiba zenyewe ni chache: kubadilisha waya, kubadilisha antena au mahali pake, kuongeza busta (kifaa cha kukuza mawimbi), kubadilisha king'amuzi, au kuachana na mawimbi ya ardhini na kuhamia kwenye dishi au intaneti. Wengi wetu hapa Mombasa huanza na busta kwa sababu ni kitu kinachonunuliwa kaunta na kuchomekwa jioni hiyo hiyo. Kwa maoni yangu, busta inastahili kuwa karibu ya mwisho katika orodha, na waya uwe wa kwanza.

Kwanza, nguvu na ubora

Karibu kila king'amuzi, na karibu kila runinga yenye kipokezi ndani yake, kina ukurasa katika menyu unaoonyesha vipimo viwili: nguvu ya mawimbi na ubora wa mawimbi. Watu hutazama nguvu, wakaiona iko juu, wakalaumu kituo. Nguvu ni wingi wa kila kinachoingia kwenye tundu la antena katika masafa yale, kiwe ni mawimbi ya kituo au kelele. Ubora ni kadiri ambavyo kifaa kinaweza kukisoma kilichoingia bila makosa. Vipimo vyote viwili vikiwa chini, kuna kitu kinachonyonya mawimbi njiani, nacho ni ukuta, mti, waya au kimo kidogo cha antena. Nguvu ikiwa juu huku ubora ukiwa chini, tatizo ni uchafu: busta iliyozidiwa, mwingiliano wa mitambo mingine, au mawimbi yanayogongana baada ya kuakisiwa. Vyote viwili vikiwa juu na bado chaneli fulani haionekani, basi hakuna antena itakayoirejesha. Huenda malipo yamekwisha, kituo kimezima, au chaneli imehamishiwa masafa mengine na kinachohitajika ni kutafuta chaneli upya.

Tahadhari moja: namba hizo hutofautiana kutoka kampuni moja ya ving'amuzi hadi nyingine, kwa hiyo asilimia 60 ya jirani si lazima ilingane na 60 yako. Linganisha kifaa chako na chenyewe, kabla na baada ya kila badiliko, na uandike namba kwenye karatasi, kwa maana kumbukumbu hupenda kukubaliana na fedha zilizokwisha kutumika.

Kipimo kingine ni kuuliza ni chaneli zipi zinazopotea. Mawimbi ya ardhini nchini Kenya hayarushwi na kila kituo kivyake kama zamani. Yanarushwa na wasambazaji, miongoni mwao Signet iliyo chini ya KBC, PANG, na ADN iliyoundwa na mashirika makubwa ya habari ya binafsi, na kila msambazaji hufungasha chaneli nyingi katika masafa mamoja. Kwa hiyo chaneli hupotea kwa mafungu. Fungu moja likipotea na mengine yakibaki imara, waya wako una nafasi ndogo ya kuwa mkosaji wa pekee. Chunguza zaidi mwelekeo wa antena, kwa sababu si lazima wasambazaji wote watumie mlingoti mmoja wa kurushia. Mafungu yote yakitetereka pamoja, tazama nyumbani kwako. Na kabla ya yote hayo, bisha hodi kwa jirani mwenye antena ya aina yako, kwani kupanda juu ya mabati jua la saa saba kutafuta kosa lililoko kwenye mtambo wa kurushia ni adhabu isiyo na kosa.

Waya wa zamani na waya mpya

Nyumbani kwetu Kisauni picha ilikuwa ikiganda kila siku baada ya magharibi na kutulia asubuhi jua likishapanda. Kila aliyepita alikuwa na dawa yake, na dawa ya wote ilikuwa busta. Tuliinunua. Nguvu iliruka kutoka 48 hadi 83, ubora ukabaki pale pale kwenye 30 na kitu, na picha ikaendelea kuganda kwa wakati wake kama iliyowekewa saa. Siku ya tatu nilipanda mwenyewe nikabandua ile tepu nyeusi iliyozungushwa pale waya unapoingia kwenye kisanduku cha antena. Chini ya tepu kulikuwa na maji, si unyevu bali maji, pamoja na unga mweupe kama chokaa, na zile nyuzi nyembamba zinazozunguka waya wa kati zilikatika vidoleni kama tambi kavu. Waya wa kati ulikuwa na rangi ya kutu. Nilikata shibiri moja, ndani kukawa vivyo hivyo. Nikakata shibiri nyingine, na nyingine, na kufikia mita ya pili nilikuwa bado sijaona chuma king'aacho. Tulibadilisha waya wote, mita 18, tukaiondoa busta, na ubora ukapanda hadi 85. Nguvu ilikuwa 61, chini kabisa ya ile ya busta.

Nimeeleza kisa hiki kwa kirefu kwa sababu ndicho kisa cha pwani. Hewa yetu ina chumvi mwaka mzima. Waya mwingi wa antena una moyo wa chuma uliopakwa shaba juu, na ngao ya alumini inayouzunguka. Chumvi na unyevu vikipata tundu dogo, shaba huchubuka, chuma hushika kutu, na alumini huwa unga. Maji hayabaki pale yalipoingilia, bali hunyonywa na ile ngao kama utambi unavyonyonya mafuta, yakashuka mita kwa mita. Umande wa usiku huongeza unyevu na jua la asubuhi huupunguza, na hiyo ndiyo saa iliyokuwa ikipanga picha zetu. Ndiyo pia sababu ya watu kusema kwamba mvua inaharibu mawimbi. Kwa masafa ya runinga ya ardhini, yaliyoko kati ya megahezi 470 na 694, matone ya mvua hayana athari ya kutajika. Kinachoathirika ni maungio yaliyoingia maji na majani ya miti yaliyolowa.

Sasa ulinganisho wenyewe. Waya mnene ulioandikwa RG6 ubavuni hupoteza takriban desibeli 16 (desibeli ni kipimo cha kupungua au kuongezeka kwa nguvu ya mawimbi) kwa kila mita 100 katikati ya masafa hayo, yaani kwa mita 20 za kutoka paani hadi sebuleni hupoteza desibeli 3, ambazo ni nusu ya nguvu yote. Waya mwembamba unaouzwa pamoja na antena za bei nafuu hupoteza zaidi ya hapo hata ukiwa mpya, na kila ungio la kusokota kwa mkono huongeza hasara ambayo haiwezi kukadiriwa. Mtu mwenye waya mwembamba uliounganishwa mara mbili anaweza kuwa anatupa robo tatu ya mawimbi yake kabla hayajafika kwenye king'amuzi, kisha anakwenda kununua antena kubwa zaidi ili atupe mengi zaidi. Antena ni vijiti vya alumini na plastiki. Ikiwa haijapinda na kisanduku chake hakijajaa maji, inaweza kukaa miaka mingi. Waya hauvumilii hivyo.

Atakayebadilisha waya achague wa omu 75, mnene, wenye ganda jeusi linalostahimili jua, uwe kipande kimoja kutoka juu hadi chini. Plagi ya kuskurubu ni bora kuliko ya kusukuma, na ungio la juu lifunikwe kwa tepu ya mpira inayojishika yenyewe, si tepu ya umeme inayolegea kwa joto la Februari. Kabla waya haujaingia ukutani uachiwe kitanzi kinachoning'inia chini, ili maji yadondokee hapo badala ya kufuata waya hadi nyuma ya runinga.

Antena ya ndani na antena ya paani

Hapa nyumba ndiyo inayoamua. Antena ya ndani ina sifa zake: haihitaji fundi wala ngazi, hailiwi na chumvi haraka, na mpangaji huondoka nayo anapohama. Lakini inashindana na mambo mawili makubwa. La kwanza ni ukuta. Nyumba ya Mji wa Kale yenye kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, unene wa mkono mzima, hutunza ubaridi na huzuia mawimbi kwa uhodari ule ule. La pili ni kimo. Wahandisi wa utangazaji hupanga huduma ya runinga kwa kukisia antena iliyo mita 10 juu ya ardhi, na anayeishusha hadi kimo cha meza ya sebuleni anaweza kupoteza zaidi ya desibeli 10, yaani kubakiwa na chini ya sehemu moja ya kumi, kabla hata ukuta haujachukua chake.

Kwa hiyo antena ya ndani inafaa kwa aliye ghorofani, katika chumba chenye dirisha linalotazama upande wa mlingoti, na antena ikawekwa dirishani penyewe. Ghorofa ya nne Tudor au Kizingo inaweza kuridhika nayo kabisa. Nyumba ya chini Majengo, iliyobanwa na majumba pande zote, itapata picha leo na kuikosa kesho gari kubwa likiegeshwa barabarani.

Wapo wanaouliza kama antena yaweza kufichwa darini ili isiliwe na chumvi. Jibu liko kwenye paa. Chini ya mabati ni kazi bure, kwa kuwa bati ni kioo cha kuakisi mawimbi. Chini ya vigae inawezekana, kwa hasara. Chini ya makuti makavu mawimbi hupita vizuri, ila makuti yaliyolowa masika yote huyapunguza.

Antena ya paani ya vijiti sambamba hushinda kwa sababu mbili: iko juu ya vizuizi, na husikiliza upande mmoja huku ikiyapa kisogo mengine. Sifa hiyo ya pili ndiyo pia udhaifu wake, kwa kuwa ikielekezwa vibaya hukosa hata kile ambacho antena ya ndani ingekidaka. Tazama majirani: antena nyingi za mtaa mmoja zikielekea upande mmoja, huo ni ushahidi kuliko maelezo ya muuzaji. Tazama pia vijiti vyao vimelala au vimesimama, kwa maana mawimbi hurushwa yakiwa yamelala au yamesimama, na antena iliyowekwa kinyume hupoteza sehemu kubwa ya mawimbi hata ikielekezwa sawasawa.

Kazi ya kuielekeza ni ya watu wawili, mmoja juu na mmoja sebuleni, na wengi huifanya kwa mazoea ya analojia. Wa juu huzungusha upesi, wa chini hupiga kelele "hapo hapo!" picha inapotokea, na wote wawili hushuka wakiwa wamesimama kwenye ukingo wa ule ukuta wa ngome. King'amuzi huhitaji sekunde chache kukamata mawimbi. Zungusha kwa kiasi cha upana wa kiganja, subiri, na wa chini asome namba ya ubora kwa kila fungu la chaneli, si kutazama picha. Mahali pazuri ni pale ambapo fungu dhaifu kuliko yote linasomeka vizuri zaidi, hata kama fungu lenye nguvu limepungua kidogo.

Usidanganywe na maandishi "antena ya dijito" kwenye kasha. Antena haijui kama inachodaka ni analojia au dijitali. Inachojua ni urefu wa mawimbi. Ile ya zamani yenye vijiti vifupi, vya sentimita 25 hadi 30 hivi, ilitengenezwa kwa masafa haya haya na bado inafaa. Zile zenye vijiti virefu vya zaidi ya mita ni za masafa ya chini yaliyotumiwa zamani, na hizo waachie kunguru.

Likoni, Tudor na mitaa yote inayotazama mlingoti kupitia juu ya maji ina jambo lake. Uso wa maji huakisi mawimbi, na bahari yetu hupanda na kushuka zaidi ya mita 3 wakati wa bamvua, kwa hiyo njia ya mawimbi yaliyoakisiwa hubadilika kadiri maji yanavyojaa na kupwa. Picha inayoganda kwa saa zinazosogea mbele kila siku, kama maji yanavyosogea, haitatibiwa na busta. Kuipandisha au kuishusha antena kwa nusu mita wakati mwingine hutosha.

Busta na kutokuwa na busta

Busta haiumbi mawimbi. Hukuza kila kinachoingia, pamoja na kelele, na huongeza kelele kidogo ya kwake. Ikiwekwa nyuma ya runinga, mwisho wa waya mbovu, inakuza mabaki. Tui lililokwisha kuzidishiwa maji haliwi zito kwa kuhamishiwa sufuria kubwa. Ikiwekwa juu paani, karibu na antena, inakuza mawimbi kabla waya haujayapunguza, na hapo ina maana. Kwa hiyo tukilinganisha busta mbili za bei moja, ile ya paani inayopata umeme kupitia waya wa antena ni bora kuliko ya sebuleni, ijapokuwa ya sebuleni ni rahisi kuifunga.

Wanaoihitaji kwa haki ni watatu: mwenye waya mrefu sana, tuseme zaidi ya mita 30, anayegawa antena moja kwa runinga kadhaa, na aliye mbali na mlingoti ambaye tayari ana antena nzuri, juu, yenye waya mzima. Aliye karibu na mlingoti huumizwa nayo, kwa sababu mawimbi yenye nguvu huizidi uwezo, nayo huanza kuzalisha uchafu wake yenyewe. Dalili yake ni ile niliyoitaja: nguvu juu, ubora chini. Minara ya simu nayo imesogea jirani na masafa ya runinga, katika megahezi 700 na 800, na busta isiyo na kichujio huikuza pamoja na vyote vingine.

Kuna jambo dogo linalowasumbua wengi. Ving'amuzi vingi vina chaguo kwenye menyu la kupeleka umeme wa volti 5 kwenye antena. Antena yenye busta ndani yake huuhitaji umeme huo au ule wa adapta yake. Ukizimwa, antena hiyo huwa mbaya kuliko kipande cha waya. Antena isiyo na busta haiuhitaji, na baadhi yake zikiwashiwa hufanya king'amuzi kiandike kwamba kuna shoti. Nimeona antena nzima zikitupwa kwa sababu ya chaguo hilo moja.

Kuhusu kugawa: kigawanyio cha njia mbili huipa kila runinga chini kidogo ya nusu ya nguvu, na cha njia nne chini kidogo ya robo. Kama akiba ya mawimbi ipo, hakuna atakayeona tofauti. Kama haipo, runinga zote zitaganda pamoja, na ugomvi wa nani alichomoa waya utaanza.

King'amuzi na runinga yenye kipokezi chake

Kenya hutumia mfumo wa utangazaji wa kidijitali uitwao DVB-T2. Ulipoanzishwa utangazaji wa kidijitali mwaka 2009 ulitumika mfumo uliotangulia, DVB-T, na kifaa kinachosoma huo wa zamani peke yake hakitaona chaneli hata moja hata kikipewa mawimbi safi. Anayenunua runinga iliyotumika, hasa iliyoletwa kutoka ng'ambo, aangalie maandishi ya DVB-T2 kabla ya kutoa fedha. Mitambo ya analojia ilizimwa mwaka 2015, kabla ya tarehe 17 Juni iliyowekwa kimataifa, kwa hivyo hakuna cha kurudia huko.

Kwa chaneli za bure, runinga yenye kipokezi cha DVB-T2 inatosha na hupunguza nyaya, plagi na rimoti. Kwa chaneli za kulipia za ardhini, kama za GOtv na StarTimes, king'amuzi cha kampuni yenyewe ni lazima. Kabla ya kukihukumu king'amuzi, kibebe na adapta yake ukakijaribu kwenye antena ya jirani. Kikifanya kazi huko, kosa limebaki kwako. Kikiganda huko pia, jaribu kwanza adapta nyingine ya volti zile zile, maana umeme wetu unaokatika na kurudi kwa kishindo huua adapta mapema kuliko kisanduku chenyewe.

Ardhini, dishi au intaneti

Ikiwa waya ni mpya, antena iko juu na imeelekezwa kwa subira, na bado ubora ni duni, ndipo swali la kuhama linapokuwa halali.

Dishi lina faida ambayo Mombasa imeipata kwa jiografia tu. Tuko karibu nyuzi 4 kusini mwa ikweta na karibu nyuzi 40 mashariki, na setilaiti zinazotumiwa na DStv ziko juu ya ikweta kwenye nyuzi 36 mashariki. Hesabu yake ni kwamba mawimbi hutujia kutoka karibu utosini, kwa pembe ya zaidi ya nyuzi 80 kutoka upeo wa macho. Jumba la ghorofa sita lililoziba antena ya jirani haliwezi kuziba kitu kinachoshuka kutoka juu namna hiyo. Kinachoweza kuziba ni mwembe au mnazi uliotanda juu ya paa lenyewe. Kwa uchochoro wa Mji wa Kale au Majengo, ambako mlingoti hauonekani kwa njia yoyote, hili si jambo dogo.

Kasoro yake ni mvua. Masafa ya setilaiti hizo ni ya juu mara ishirini na zaidi kuliko ya ardhini, na mvua kubwa ya Mei huyanywa hewani. Picha hukatika hasa wakati watu wamekwama ndani, kisha hurudi wingu likipita. Chumvi nayo hulila dishi la chuma na skurubu zake, na dishi likisogea kidogo tu mawimbi hupotea, wakati antena ya vijiti huvumilia kusogea huko bila kujua. Juu ya hayo, vifurushi vingi vya dishi ni vya kulipia kila mwezi, na mwenye haja ya habari na mpira wa chaneli za bure peke yake atakuwa analipia ukuta wa jirani.

Intaneti haijali mlingoti wala mvua, na baadhi ya vituo vyetu, Citizen TV kikiwamo, hurusha matangazo yake moja kwa moja kwenye YouTube. Aliyefungiwa intaneti ya waya nyumbani hana sababu ya kuhangaika na paa. Anayetegemea bando la simu afanye hesabu: picha ya kawaida inayotumia megabiti 2 kwa sekunde hula karibu gigabaiti moja kwa saa, na familia hutazama saa nne kwa siku bila kuhisi. Tena picha ya intaneti huchelewa nyuma ya ile ya ardhini, kwa hiyo goli utalisikia kwa jirani kabla hujaliona.

Nyumba ipi, tiba ipi

Kwa nyumba ya chini yenye paa lake, Kisauni, Mikindani au Likoni, nisingesita: waya mpya wa RG6, antena ya nje kwenye paipu iliyofungwa imara, bila busta hadi namba zidai. Paipu hiyo isiwe karibu na nyaya za stima kiasi kwamba ikianguka itazigusa, na hakuna taarifa ya habari inayostahili mtu kupanda mabati yaliyolowa. Kwa mwenye nyumba ya ghorofa ya kupangisha, antena moja nzuri paani, busta ya paani na waya mmoja kwa kila mlango ni nafuu na salama kuliko antena kumi na mbili zinazogombania ukingo wa paa, ingawa makubaliano ya nani atachangia kiasi gani ni magumu kuliko ufundi wenyewe.

Mgumu zaidi ni mpangaji wa ghorofa ya kwanza ambaye mwenye nyumba hamruhusu kupanda paani na dirisha lake linatazama ukuta. Huyo ajaribu kwanza antena ndogo ya nje kwenye baraza, ikielekezwa si kwa mlingoti bali kwa jumba refu lililo mbele yake. Mfumo wa kidijitali huvumilia mawimbi yaliyoakisiwa kuliko analojia ilivyovumilia, na mara nyingi mwakisiko ulio wazi hushinda njia ya moja kwa moja iliyozibwa na matumbawe. Aizungushe polepole asubuhi, arudie baada ya magharibi, na arudie tena maji yakiwa yamejaa. Ubora ukikataa kusimama mara zote tatu, fedha za busta azitie kwenye dishi.